Kikumbo Apisha Njia

Usiku wa kuamkia leo niliota, na ndoto iliponipokea tulikuwa tumeshaondoka. Nimekaa juu ya meza ya maabara ya shule, ile ndefu yenye mabomba ya gesi, na meza inateremka mlima kwa miguu yake minne kuelekea Voi. Haina haraka. Inatembea kama mtu anayeijua njia. Mbele yangu amekaa mjukuu wangu Wakesho, wa kidato cha tatu, amempakata roboti wake.

Nikamwuliza mbona tunasafiri kwa meza. Akasema maabara nzima iliitwa, ila viti vilikataa.

Roboti anaitwa Kikumbo. Ni kisanduku cha bati chenye magurudumu mawili ya mpira. Ana macho mawili mbele ya kumwona mwenzake, na mawili mengine chini ya tumbo ya kuuona mstari mweupe. Mbele amefungwa koleo la bati. Kazi yake ni moja: anawekwa kwenye ulingo mweusi wa mviringo na roboti mwingine, wasukumane kama wale wanene wa Japani, mpaka mmoja avuke mstari. Aliyetoka nje ameshindwa, na anayeshinda mara mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Ukizisikia mchana, sheria hizo unaziona nyepesi.

Kilichotupeleka si mchezo. Mwalimu mkuu, Bi Mshoi, alikuwa amesema wanafunzi saba ni wachache mno kwa somo la fizikia. Roboti akishinda, somo linabaki. Akishindwa, saba hao watatafutiwa somo jingine na maabara itawekwa maharagwe. Wakesho hakulia alipoambiwa. Alirudi nyumbani akaanza kukata bati.

Nyuma yetu magunia manne ya maharagwe yanatufuata kwa miguu. Moja likanisogelea, likanisalimu vizuri tu, likasema halina ubaya na mtu. Linasubiri matokeo.

Mlangoni mwa ukumbi tulimkuta Mizani, amekaa kwenye kiti na kalamu sikioni. Sheria inasema roboti asizidi kilo moja. Akampima Kikumbo, akasema gramu mia tisa na arobaini.

“Zimebaki sitini,” akasema. “Mnazichukua, au niwape wengine?”

Wakesho akasema tunazichukua. Mizani akanihesabia gramu sitini kiganjani, moja moja. Zilikuwa na joto, kama mayai yaliyotagwa sasa hivi. Nikazitia mfukoni.

Kisha tukaonyeshwa kisanduku cha sentimita ishirini kwa ishirini. Kila anayeingia ulingoni sharti aenee humo, na waliomtengeneza pia. Nikasema mimi ni mtu mzima, nimesoma darasa hili huku na lile kule, lakini hesabu hiyo naiona haiingii. Mizani akanionyesha kisanduku kwa kalamu. Basi nikainama, nikaingia. Ndani palikuwa stesheni ya Maungu, watu wamekaa juu ya mizigo wanangoja treni. Nikapita katikati yao nikiomba radhi, nikatokea upande wa pili, pembeni mwa ulingo.

Mpinzani wetu ameshafika. Ni roboti wa shule kubwa ya mjini, anaitwa Mzee Dafrau. Ameshiriki miaka kumi na minne, na wanafunzi waliomtengeneza sasa wana watoto. Amevaa koti la kaki, kutu imemwanza mashavuni, na anaegemea bakora. Vijana wanne wenye sare za kijani wanampangusa kwa kitambaa.

Sheria pia inasema kwamba mwamuzi akishapuliza kipenga, sekunde tano zipite kabla roboti yeyote hajajongea. Sekunde hao watano walikuwa wamekaa kwenye benchi katikati ya ulingo, wanawake wa makamo wenye leso. Kipenga kikalia. Wa kwanza akainuka, akajifunga leso, akapita. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa anasuka kikapu, akasema amalize mshono. Mwamuzi akangoja. Sote tukangoja. Hatimaye akapita, na wawili waliobaki wakamfuata wakimsema chinichini kwa kuchelewesha watu.

Kikumbo anaondoka kwa kasi. Anamwona Mzee Dafrau. Anasimama.

“Shikamoo,” akasema.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo.”

Kisha akajitoa njiani. Akasogea kando, akauvuka mstari mweupe, akasimama nje ya ulingo na koleo ameliinamisha. Mwamuzi akainua kibendera. Moja bila. Magunia ya maharagwe yakasogea hatua moja.

Vijana wa sare za kijani walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akatuuliza kama roboti wetu ametumwa sukari. Wakesho alimpindua Kikumbo, akamfungua tumbo. Amri zake zote zilikuwa humo ndani, zimekaa kwa mistari kama wanafunzi, na kila aliyeguswa alisimama akajisoma. Wa kwanza akasema washa magurudumu. Wa pili akasema tazama chini. Wa saba akasimama, akakohoa.

“Ukikutana na mkubwa, mpishe. Simama upande wa bonde.”

Wakesho akanitazama. “Babu, hii ni ya kwako.”

Ilikuwa yangu. Alasiri moja alikuwa anaandika amri hizo mezani, nami namenya mihogo. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, mtu akikutana na mwenzake ana kwa ana hufanya nini. Nami nikamjibu kama ambavyo angejibiwa kwenye nyumba yoyote ya milimani kwetu. Njia zetu zimeng'ang'ania ubavu wa mlima, hazina nafasi ya wawili. Mdogo husimama upande wa bonde ili mkubwa apite akigusa mlima, na kama kuna wa kuteleza, awe yule mwenye miguu yenye nguvu. Hata mlevi wa kwetu hupisha. Wakesho akaandika, akaendelea na ya nane. Tulikuwa watu wawili wenye akili timamu, na hakuna aliyeshtuka.

Nikamwambia aifute. Akashika kifutio. Amri ya saba haikumbembeleza, ilisema tu: “Mkinifuta mimi, atasukuma kila mtu. Atamsukuma na bibi yako akitoka kuteka maji.”

Kifutio kikabaki hewani. Kikumbo, tumbo wazi, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hawezi kumsukuma mzee wa watu, na kwamba Wakesho amsamehe.

“Hata ukijua ni fizikia yangu?”

“Hata hivyo.”

Wakesho akakaa kwenye ukingo wa ulingo. Mwamuzi akatazama saa. Magunia yakaanza kuulizana ni lipi litalala karibu na dirisha. Nilitaka kusema neno la kumpoza mtoto, nikalikosa. Nimezunguka nchi hii kwa miaka mingi na mara nyingi hilo ndilo neno ninalolikosa.

Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: “Na mdogo akiwa amebeba mzigo, babu?”

Nikasimama pale nikaona ninavyojua jambo kwa miaka sabini bila kulijua. Aliyebeba mzigo hasimami upande wa bonde. Awe mtoto, awe nani, yeye hupewa upande wa mlima, na mkubwa ndiye anayejitoa.

Nikazitoa zile gramu sitini. Wakesho akazifunga kwenye leso, akamtwika Kikumbo mgongoni, akamkaza kwa uzi. Sasa alikuwa na kilo moja kamili. Mizani, kutoka mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

Kipenga kikalia. Sekunde wakapita, wa tatu akisuka huku anatembea. Kikumbo akaenda mpaka katikati, akaamkia. Mzee Dafrau akaitikia, kisha akamtazama mgongoni.

“Umebeba?”

“Nimebeba, mzee.”

“Pole. Pita, mwanangu.”

Akasogea kando, taratibu kwa sababu ya bakora, akauvuka mstari mweupe na kusimama nje. Kibendera kikainuka. Sare, moja kwa moja.

Vijana wa mjini hawakucheka tena. Walimwendea mwamuzi, wakasema hakuna aliyesukumwa. Mwamuzi akafungua kitabu cha sheria, akatafuta mbele na nyuma. Akasema sheria inauliza nani ametoka, haiulizi kwa nini. Basi wakamzunguka Mzee Dafrau, wakamwinamia, wakamwambia safari hii asimpishe mtu. Wakamkumbusha vikombe vyote kabatini. Wakamnyang'anya bakora. Mmoja akamwambia akishindwa na debe la bati atauzwa kwa chuma chakavu, na sikupenda alivyolisema, maana mzee alisikia.

Ukumbi sasa si ukumbi. Ni ile njia ya kwetu yenyewe, ubavuni mwa mlima, ulingo umewekwa mahali inapobana. Upande mmoja jiwe, upande wa pili ukungu wa bonde. Mstari mweupe umelala pale pale kwenye ukingo.

Kipenga kinalia. Wanawake watano wanapita, na hata wa tatu hachelewi.

Kikumbo anakwenda, mzigo mgongoni. Mzee Dafrau naye anakuja, na ardhi inatetemeka. Koleo lake ni pana mara mbili ya letu. Wakesho ameushika mkono wangu, na sijui kama anajua. Kikumbo anasimama mbele ya koleo lile.

“Shikamoo.”

Mzee Dafrau hajibu. Vijana wanamwambia sukuma. Anabaki pale, mota yake inanguruma, kisha inapungua.

“Nimesukuma miaka kumi na minne,” akasema. “Hakuna aliyewahi kuniamkia kabla ya leo.” Akafikiri kidogo. “Ukipita hapa, unakwenda wapi?”

“Kwenye fizikia.”

“Ni mbali?”

“Wakesho anasema ni mbali.”

“Basi pita, mwanangu. Marahaba.”

Akashika jiwe kwa mkono wa kulia ili asianguke, akajitoa hatua mbili upande wa bonde, akauvuka mstari. Mwamuzi akainua kibendera. Kikumbo akapita na mzigo wake hadi upande wa pili, akasimama alipoambiwa. Wakesho aliuachia mkono wangu. Akakaa chini, pale pale njiani.

Magunia yakatuaga. Hayakuwa na kinyongo.

Mzee Dafrau alikaa juu ya jiwe, akatoa kikopo cha mafuta ya mashine kwenye koti, akaanza kujipaka maungo. Nikakaa karibu naye, nikampa pole na pongezi pamoja, sikujua ipi inafaa. Akasema hana neno. Kisha akainamisha sikio.

“Goti lako la kushoto linalia, mzee mwenzangu.”

Nikasema linalia tangu zamani. Akachovya ncha ya koleo kwenye mafuta, akanipaka, mara moja tu, kutoka upande huu wa goti hadi ule.

Mwamuzi akafungua kurasa za mwisho za kitabu na kusoma yaliyowapata wote, kwa sauti ya mtu anayeita majina asubuhi. Wanafunzi saba waliendelea na fizikia, watano wakafaulu. Wakesho alifaulu, akaenda mbali, akawa anarudi. Bi Mshoi alihamishwa. Maharagwe yaliliwa. Mzee Dafrau hakuuzwa, aliwekwa kabatini, akaomba ageuzwe atazame dirishani, akageuzwa. Kijana aliyemtishia alikuja kujuta akiwa na watoto watatu. Sekunde wa tatu alimaliza kikapu. Kikumbo aliishiwa betri siku ya Jumanne, akiwa amesimama kando ya mlango, upande ambao hauzuii mtu. Mwamuzi alipofika kwenye jina langu akalamba kidole ili afungue ukurasa, nami nikaamka.

Kumekucha. Nje Wakesho anakata bati, shindano lenyewe ni Jumamosi. Nikateremsha miguu kitandani na kungoja goti lilie kama kila asubuhi. Halikulia. Nikapandisha suruali. Kwenye goti la kushoto palikuwa na mstari wa mafuta ya mashine, mbichi, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Nyumba yetu haina mashine yoyote inayotiwa mafuta.