Kipara cha Skola

Umeme ulikatika wakati mashine ya Mudy iko katikati ya kichwa cha Skolastika. Upande wa kushoto ulikuwa umeshakwisha, nywele chini kabisa kama shule inavyotaka. Upande wa kulia zilikuwa bado zimesimama, ndefu, nyeusi, zile zile ambazo baba yake alizisifia hata kwa watu ambao hawakumuuliza. Mashine ilikoroma, ikanyamaza. Mudy akaipiga kofi kidogo kama watu wanavyopiga redio, kisha akatazama taa iliyokuwa juu ya kioo.

"Umeenda," alisema.

"Unarudi saa ngapi?" akauliza Brigita, mama wa mtoto.

"Mama Skola, mimi ni kinyozi. Ningejua umeme unarudi saa ngapi, ungenikuta hapa?"

Miaka hiyo Manyara ilikuwa imepewa hadhi ya mkoa juzijuzi tu, na Babati ikawa ndiyo makao makuu, na kila mtu alitembea mjini kifua mbele kana kwamba ni yeye aliyepewa. Mkoa ulikuwa mpya. Umeme ulikuwa ule ule wa zamani.

Wakangoja. Ilikuwa Jumapili, wametoka misa, na kesho yake shule inafunguliwa. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba hakuna msichana atakayepita getini akiwa na nywele za kushikika. Saluni ya Mudy ilikuwa karibu na stendi, mlango wazi, kwa hiyo kila aliyepita alichungulia, na kila aliyechungulia aliacha maoni yake. Mzee mmoja alisema msichana hanyolewi saluni ya wanaume, atakua na sauti nzito. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani alisema nywele nzuri hivyo zimemkosea nini mwalimu. Kijana mmoja akasema dogo kawa kama shamba lililovunwa nusu, mwenyewe akakimbia mvua. Skola alikaa kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia.

"Wembe upo," Mudy akasema hatimaye. "Mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Namalizia pande zote, anatoka safi."

Brigita aliutazama ule wembe. Mkasi, sawa. Mashine, sawa. Lakini kwao kwa mume wake, wembe kwenye kichwa cha mtoto una siku yake. Mtoto hunyolewa kwa wembe nyuma ya nyumba, na mikono ya wazee, baada ya kumzika mzazi. Mtu akimwona mtoto ana kipara kinachong'aa haulizi kama kuna msiba. Anauliza ni baba au ni mama.

Na baba mwenyewe, Apolinary, alikuwa njiani. Alikuwa utingo wa lori, walishuka na mahindi kwenda Kondoa, akasema Ijumaa yuko nyumbani. "Nywele msizikate mpaka nirudi," alisema, "nizione mara ya mwisho." Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Kule kusini mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima tangu asubuhi, meusi kama sufuria la pombe.

Brigita akajiambia wembe ni chuma tu, kama mkasi.

"Malizia," akasema.

Skola alipojiona kwenye kioo hakulia. Alijipapasa utosini, akauliza, "Baba atanijua?"

Hilo swali lilimchoma Brigita mahali pabaya, akamshika mkono wakatoka.

Hakuwa na kitu cha kumfunika mtoto. Akaamua kupita dukani kwa Mwanaharusi, Mama Alawi, mwenye duka la vitenge, sukari na kila kitu, aazime hata kipande cha kitambaa. Mama Alawi ndiye aliyekuwa na simu ya mkononi mtaa ule. Madereva wote wakikwama walimpigia yeye, na yeye ndiye aliyepeleka habari kwa wake zao.

"Shikamoo, Mama Alawi."

Mama Alawi hakuitikia marahaba. Alikuwa anapima sukari, akaweka upawa chini polepole. Alitazama kichwa cha mtoto. Halafu akatazama uso wa Brigita, halafu tena kichwa cha mtoto.

"Pole sana, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu."

Akafunga sukari ile ile, akaongeza majani ya chai, akavishindilia kwenye mfuko wa Brigita. Akatoa kitenge rafuni, akamfunika mtoto mwenyewe, taratibu, kama anayefunika kitu kitakachovunjika.

Brigita alisimama pale. Mama Alawi ana simu. Mama Alawi amejua kitu. Angeweza kuuliza, swali lilikuwa fupi tu. Lakini aliona kwamba akiuliza atajibiwa, na akishajibiwa hakuna kurudi nyuma. Neno ambalo halijatamkwa bado lina mlango. Akasema asante, akatoka na mtoto wake.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka stendi, akasimama pembeni akiangalia malori yanayoingia kutoka upande wa Dodoma. La Apolinary lilikuwa na bodi la bluu. Yaliingia mekundu, ya kijani, moja la bluu ambalo si lenyewe. Skola alilalamika jua, kitenge kikawa kinamtelemka kila mara, na kila kilipotelemka kulikuwa na mtu anayegeuka. Mama mmoja aliyekuwa anapanda basi la kwenda Bonga alijigusa paji la uso na kifua, ishara ya msalaba, akapanda huku anaangalia nyuma. Brigita akaona heri aende nyumbani.

Njia ya kwenda Nakwa, wanakoishi, siku hiyo ilikuwa na adabu kupita kiasi. Wanaume walishuka kwenye baiskeli wakazikokota. Wanawake waliokuwa wanacheka kisimani waliacha kucheka. Na hapo kwenye kona, Konstantini alikuwa anamsubiri.

Huyu Konstantini alikuwa hamsalimii Brigita tangu mbuzi wake wale mahindi ya Brigita na Brigita awafungie. Mwaka mzima walikuwa wakipishana kama wasiojuana. Leo alivua kofia.

"Mama Skola, pole. Yale ya mbuzi tuyaache."

Brigita akasimama. Wengine wote angeweza kuwakatalia moyoni, lakini si huyu. Konstantini asingesamehe mbuzi bure. Basi ni kweli, akawaza. Apolinary amekufa, mji mzima unajua, nimebaki mimi.

Alipofika kwake, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mabenchi ya jumuiya yalikuwa yamepangwa chini ya turubai, moto unawaka nje, sufuria kubwa la makande linachemka, na Genoveva, jirani yake, anagawa kazi kwa mwiko. Genoveva alikuwa mtu wa misiba. Harusi zilimchosha, lakini msiba ulimpa nguvu.

"Kaa chini, ndugu yangu," alisema, akamkalisha kwenye mkeka. "Usifanye chochote. Leo siyo siku yako ya kufanya."

Brigita alikaa. Wanawake walimzunguka. Skola alikwenda nyuma ya jiko la nje na kitenge chake. Baada ya muda mrefu Brigita akauliza.

"Wamemlaza wapi?"

Genoveva akamkazia macho. "Nani?"

"Apolinary."

"Si wewe ndiye wa kutuambia? Tunakusubiri wewe utuambie mazishi ni wapi."

"Mimi sijaambiwa kitu. Nani amekuambia wewe?"

"Nimesikia sokoni. Kwa Mama Alawi."

"Na Mama Alawi ameambiwa na nani?"

Genoveva akashusha mwiko. Akageuka kuangalia nyuma ya jiko, kitenge kilipokuwa kinaonekana nusu. "Mtoto si amenyolewa?"

Brigita alitazama mabenchi, turubai, sufuria, wanawake wote wale. Vyote vilikuwa vimetoka kwenye kichwa kimoja cha mtoto wa darasa la pili. Hakuna aliyepiga simu, hakuna dereva, hakuna habari.  Akaanza kueleza: mashine, umeme, upande mmoja umebaki, kesho shule. Kadiri alivyoeleza ndivyo wanawake walivyotazamana kwa huruma.

"Mwacheni aseme," mmoja alinong'ona. "Mimi nilipofiwa nilisimulia habari za kuku siku nzima."

Kabla hajamaliza, sauti ilisikika kutoka njiani. Domitila, mama mkwe wake, alikuwa analetwa kutoka Sigino kwenye keria ya baiskeli, na kilio chake kilifika kabla yake. Walimshusha. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akamtoa Skola, akavuta kitenge, akakishika kile kichwa kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bibi," Skola akasema.

Bibi hakuitikia.

"Mama, hakuna aliyekufa," Brigita alisema, akapiga magoti. "Umeme ulikatika. Mudy akamalizia kwa wembe."

Domitila alinyamaza. Kilio chake kilikuwa kimezoeleka, watu walikuwa wameanza kukifuata, lakini ukimya wake uliwakata wote.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Hajarudi, Mama."

"Alisema anarudi lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni nini?"

 Makande yalichemka. Upande wa Bonga radi ilinguruma, mbali, kama mtu anayesogeza kabati.

"Basi wembe haujakosea," Domitila alisema. "Umetangulia tu."

Hapo ndipo Brigita alipata hofu ya kweli. Ile ya kwanza ilikuwa hofu ya habari, na habari inaweza kuwa uongo. Hii ilikuwa nyingine. Ni yeye aliyesema "malizia." Mdomo ni wake. Kama Apolinary yuko kwenye korongo fulani la njia ya Kondoa, lori juu yake, basi ameingizwa humo leo, saa ile ya wembe, na mke wake mwenyewe, kwa sababu ya geti la shule. Aliwaza zile nywele zilizobaki sakafuni kwa Mudy, zinafagiwa na nyingine za watu asiowajua. Hakuna mwanamke aliyemgusa tena. Hata Genoveva alisogea kidogo na mwiko wake.

Jua lilikuwa limeanza kuinama mtu mmoja alipotokea upande wa chini wa shamba, si njiani, akikata katikati ya maharage. Alikuwa na tope mpaka mapajani na ndala moja mkononi. Alikimbia kama mtu aliyekimbia sana, yaani karibu anatembea. Alifika ukingoni mwa uwanja, akasimama.

Sufuria peke yake ndilo lililoendelea kuchemka.  Mama mmoja alirudi nyuma akakanyaga kuni.

Lori lilikuwa limezama kwenye tope mbele ya Bonga tangu Ijumaa, na Apolinary na dereva wake walikuwa wanalichimbua. Mchana huo mama mmoja aliyeshuka kwenye basi la Bonga alimwambia mwenzake, na huyo mwenzake akaja kuwaambia wachimbaji: nyumbani kwa Apolinary wa Nakwa kuna msiba, mabenchi yametolewa. Hakungoja jina. Alitupa sepetu akaondoka.

Sasa alisimama anahesabu kwa macho. Mama yake, yupo. Mke wake, yupo. Macho yakazunguka uwanja, yakazunguka tena.

"Skola yuko wapi?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu walikuwa wanamtazama marehemu. Brigita alifungua mdomo, hewa tu ikatoka.

"Skola," Apolinary akaita.

Nyuma ya jiko, ambako alikuwa amerudi kujificha, Skola alisikia vizuri. Lakini alikumbuka maneno ya baba yake kuhusu nywele. Akajikunja akanyamaza.

"Skola, mama."

Kimya. Ndala ikamtoka Apolinary mkononi, akakaa chini kwenye majivu. Ndipo sauti ya Brigita ikarudi, kali, ya ajabu.

"Toka huko. Hakupigi."

Mtoto alitoka, kitenge kichwani, amekishikilia kwa mikono miwili. Baba yake alimvuta, akakiondoa. Alikitazama kile kipara kwa muda. Akawatazama watu.

"Nani amekufa?"

Genoveva hakuzaliwa na uwezo wa kuacha swali hewani.

"Wewe," akamwambia.

Makande yaliliwa. Yalikuwa yameshaiva, na watu waliokuja kulia hawarudi nyumbani na njaa kwa sababu tu maiti imekataa. Walicheka sana, wengine mpaka wakalia, kwa hiyo machozi nayo hayakupotea. Konstantini alikula sahani yake kimya, akainuka akasema kwamba kwa hali hii, yale ya mbuzi bado yapo.

Domitila peke yake hakucheka. Alimwangalia mwanawe kila tonge lilipoingia, mpaka likamezwa. Watu walipopungua aliomba maji kwenye kata, akalowesha kiganja cha Apolinary, akakiweka juu ya kichwa cha mtoto.

"Mwambie uko hai."

"Skola, niko hai."

"Siyo yeye. Yeye ana macho. Kiambie kichwa."

Apolinary alitaka kutabasamu, akaona uso wa mama yake, akaacha. Akainama karibu na utosi wa mtoto.

"Niko hai," akakiambia.

Brigita, upande wa pili wa mkeka, alijikuta anasema maneno yale yale bila sauti.

Nywele ziliota. Mwalimu akatangaza tena. Safari hii Brigita alimpeleka Skola kwa Mudy akiwa amemshika mkono mmoja, na kwa mkono mwingine amemshika Apolinary shati. Akamkalisha kwenye benchi la wateja, mahali anapoonekana kutoka barabarani, akamwambia asitoke hata kwenda kununua sigara. Umeme ulikuwepo. Mudy alishika mashine, kisha akasita, akageuka kuangalia benchi.

"Ni yeye huyo?"

"Ni yeye."

"Naomba akohoe."

Apolinary akakohoa, na Mudy akawasha mashine.