Figo ya Kushoto

Kaka yangu ndiye aliyenisindikiza kwenda kupimwa tumbo. Miaka mitatu ya kusafishwa damu kwa mashine imemfanya mwenyeji wa hospitali. Anajua dirisha lipi lina foleni fupi na nesi yupi ni wa kumwepuka. Mfuko wangu aliubeba yeye. Tangu nimwambie nina figo moja haniachi nibebe kitu. Hata mbao za karakanani kwangu huzishusha yeye, na ugonjwa wake ule.

Figo moja ni uongo wangu. Familia ilipoitwa ipimwe ili mmoja wetu ampe figo, niliogopa kisu, basi. Nikasema kuna daktari aliwahi kuniambia nimezaliwa na moja. Mama alinililia, na mimi mtu mzima nikakaa pale nikapokea pole.

Asubuhi ile nilitakiwa ninywe lita nzima ya maji kabla ya altrasaundi. Niliyanywa mbele yake, yeye ambaye kwa siku hupimiwa vikombe viwili. Akanitania, "Ninywee na ya kwangu."

Majibu yalipotoka alivaa miwani, akanisomea kwenye benchi. "Vijiwe kwenye nyongo. Ndiyo hayo maumivu yako, vinatolewa. Ini zuri. Figo ya kulia, nzuri. Figo ya kushoto..." Akasita, akainuka. "Hawa wamechanganya karatasi. Twende."

Nilimfuata, sijui pa kuuweka uso wangu. Daktari aligeuza kioo cha mashine, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Moja hii, ya pili hii. Zote nzima, mzee."

Kaka alitabasamu uso mzima. "Kumbe yule daktari alikudanganya, mdogo wangu. Miaka yote unaishi na hofu ya bure." Akanishika bega. Kwa ajili yake mwenyewe hakuomba kitu, wala hakuonekana kukifikiria.

Ningeweza kunyamaza, lawama zikabaki kwa daktari asiyekuwapo. Lakini nilijiona mchafu kwa namna alivyonifurahia.

"Kaka," nikamwambia tulipofika ukumbini, "hapakuwa na daktari yeyote."

Hakugeuka. Tulitembea hadi getini, yeye mbele, mimi nyuma. Hapo akasimama, akanipa mfuko.

"Beba mwenyewe."

Ndani mlikuwa na chupa tu, na maji kidogo niliyoshindwa kuyamaliza.