Toyono Aliita Mara Tatu

Siku ya mwisho ya mwaka Kihachi aliamka na neno moja kooni: sili. Alifagia theluji mlangoni nalo, akalibeba hadi kwenye madhabahu ya nyumbani, akafuta vumbi mbele ya picha ya mkewe, Toyono, naye Toyono alikuwa na siku sabini na moja tangu afariki.

Mlangoni hakukuwa na matawi ya msonobari. Nyumba yenye msiba haijipambi, wala haipelekewi salamu za mwaka mpya, na hilo lilimfaa Kihachi kabisa. Lakini soba haina msiba. Katika milima ya Shinshu hakuna nyumba inayovuka mwaka bila bakuli la tambi hizo za kijivu. Hukatika upesi, na ndiyo maana huliwa siku hiyo: mikosi ya mwaka ikatike pamoja nazo, ibaki ng'ambo.

Binti yake Misao alifika adhuhuri kwa basi, begi mkononi, pua nyekundu kwa baridi. Hata koti hakuvua.

"Baba, hii nyumba au friji? Kuni zimepangwa nje mpaka zinagusa paa, na wewe umekumbatia jiko dogo la mafuta ya taa!"

"Hazijakauka."

"Hazijakauka? Nilizikuta zimepangwa siku ya mazishi."

"Nimesema hazijakauka, Misao."

Misao alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwenye kazi yake na nyumba yake kule Nagoya, lakini sauti ile ilimrudisha utotoni. Akaenda jikoni, akainua kifuniko cha sakafu, akainamia shimo la akiba ambamo mama yake alikuwa akiweka vitu vya kukaa kwenye ubaridi.

"Kumbe upo!" akapaza sauti. "Mchuzi wa Mama upo!"

Kihachi aliijua ile chupa pana bila kugeuka. Sosi ya soya, sukari na mvinyo mtamu wa mchele, vimechemshwa pamoja kisha vikaachwa vilale mpaka vikawa vizito na vyeusi. Ukizimua kidogo, una mchuzi wa kuchovyea tambi baridi. Ukizimua sana, una supu ya tambi moto. Ulikuwa umebaki kimo cha vidole viwili. Alikuwa akiupima kila asubuhi, na hakuwa ameugusa.

"Unatosha leo tu," alisema Misao. "Na tambi zake hizi hapa, mafungu matatu. Za baridi kwako, za moto kwa Mama na kwangu. Kama siku zote."

"Mimi sili."

"Leo? Hata jirani yako Mzee Genzo asiye na jino anakula leo."

"Genzo ana mke wa kumkatia."

Misao akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Kula, Baba. Tuukate mwaka huu uende zake. Mbaya huu."

Kihachi angemwambiaje? Mwaka huu mbaya ndio wa mwisho ambao Toyono aliukanyaga. Na zile tambi kavu, vijiti vilivyofungwa kwa utepe wa karatasi, ndizo yeye Kihachi alizozitukana.

Ilikuwa Oktoba, nafaka mpya ya soba imevunwa. Nyumbani kwake Genzo alikanda unga kwa mikono yake, akakata tambi mbichi mbele ya wageni, na Kihachi akamsifu mpaka akapitiliza. Toyono alikuwa pale, mikono yake, ambayo viungo vyake vilimuuma asiweze kukanda, imefichwa ndani ya mikono ya kimono. Siku ya pili mchana akachemsha zake za dukani. Kihachi akaziona kabla hazijaingia chunguni.

"Vijiti tena?" alisema. "Shinshu nzima inakula soba, mimi nakula vijiti."

"Vijiti hivi vimekulisha miaka arobaini na saba," alisema Toyono. "Kama vimekuchosha, nenda ukaolewe na Genzo."

Kihachi akatoka kwa hasira kwenda kupanga kuni.

Sasa akatoka tena, ili asione chupa ile ikifunguliwa. Kabla hajavuka kizingiti alimwona Misao akizitoa tambi kwenye maji yanayochemka na kuzielekeza moja kwa moja kwenye bakuli.

"Zioshe kwanza."

"Hizi ni za moto, Baba."

"Hata za moto. Unazisugua kwenye maji baridi kama unafua leso, utelezi wote utoke. Halafu unazirudisha kwenye maji moto zipate joto. Na yale ya kuchemshia usiyamwage, tutakunywa."

"Tutakunywa? Si umesema huli?"

"Nimesema usiyamwage."

Akashika koleo, akaanza kuondoa theluji pale ambapo alikwisha kuiondoa asubuhi. Kuni zilikuwa mbele yake, mistari iliyonyooka. Hakuna aliyewahi kupanga kuni vizuri vile. Alizipanga hivyo kwa makusudi, polepole, gogo baada ya gogo, ili achelewe.

Dirisha la jikoni likafunguka, mvuke ukatoka.

"Njoo! Zinavimba!"

Koleo likaanguka. Kihachi alikimbia. Mzee wa miaka sabini na minne alikimbia juu ya barafu, kandambili moja ikabaki kwenye theluji, akaupiga mlango kwa bega, akaingia jikoni na viatu, yaani na kile kimoja, akamkuta Misao amesimama wima, vijiti vya kulia chakula mkononi, mzima, akimkodolea macho.

"Baba! Kuna nini? Nani kafa?"

Kihachi akakaa sakafuni.

"Aliniita," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Siku ile. Mlipouliza nikasema nilikuwa bondeni, sikusikia kitu. Nilikuwa hapo nje kwenye kuni. Nilikuwa nimenuna. Akaita, 'Njoo, zinavimba.' Nikasikia. Akaita tena. Nikasikia. Nikachukua gogo jingine."

Maji yalikuwa yakichemka chunguni. Misao hakupunguza moto.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Kisha kimya. Nikasema moyoni, vizuri, na yeye kanuna. Nikamaliza mstari mzima. Nilipoingia, bakuli lake lilikuwa hapo, tambi zimevimba hazina hata supu, naye yuko chini karibu na jiko. Bado ana joto, Misao. Bado alikuwa na joto."

Misao akageuka, akaingiza mikono kwenye beseni la maji baridi, akaanza kusugua fungu lililobaki. Alisugua muda mrefu kuliko inavyohitajika. Vidole vikawa vyekundu.

"Alipoita," alisema bila kugeuka, "alikuwa amekasirika?"

Kihachi alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa nafuu kwa wote wawili.

"Mara ya kwanza, ndiyo. Mara ya pili alikuwa anacheka. Alisema, 'Njoo, bibi harusi wa Genzo.'"

"Na ya tatu?"

"Ya tatu aliita jina langu tu."

Misao akaziminya tambi, akazirundika kwenye ungo wa mianzi, akauweka mezani mahali pa baba yake. Akachukua bakuli la moto, akalipeleka mbele ya picha, akapiga kengele ndogo, akakaa pale kwa muda. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Kihachi kuliko machozi.

"Sijui nikwambie nini, Baba. Leo sijui. Usiniulize."

"Sikuulizi."

Misao alikula zake. Kihachi hakugusa ungo. Alipoona mvuke umeisha kule madhabahuni, akaenda, akainamisha kichwa, akalishusha bakuli la Toyono. Tambi zilikuwa zimekwisha kuinywa supu yote, nene, laini, zikikatika kabla ya kufika mdomoni. Akazila. Alikula mpaka kipande cha mwisho kilichoganda ukingoni, na ladha ya mkono wa mkewe ilikuwa bado imo, tamu kwanza, chumvi baadaye. Misao alimtazama, asimwambie acha.

Alipomaliza aliinuka, akatoka nje. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mlima. Akasimama mbele ya zile kuni, akavuta gogo la juu kabisa, la mwisho alilolipanga siku ile. Akavuta la pili. Mstari ukapoteza unyoofu wake.

Jikoni Misao alimimina maji ya kuchemshia tambi ndani ya chupa ya mchuzi, akaitikisa, weusi uliogandia kioo ukatoka wote. Vikatoka vikombe viwili, visijae. Akafungua dirisha.

"Baba, maji yana—"

"Nakuja!" alijibu Kihachi, kuni kifuani, tayari yuko mlangoni.