Nakala ya Gord

"'OmbiLaMchanga' limefafanuliwa mara mbili." Gord Wiebe alikuwa akiyasoma maandishi mekundu ya skrini kwa mara ya nne, kwa sauti, kana kwamba safari hii yangeona haya yabadilike.

Ilikuwa Aprili, Mto Red umefura, na ukurasa ambao watu wa Marlow Bend waliutegemea kuomba mifuko ya mchanga ya kuzuia mafuriko ulikuwa haufunguki. Malori yangeondoka adhuhuri, na lori lilipita mlangoni kwa aliyeomba tu. Simu za ofisi zilikuwa zimeelemewa tangu asubuhi. Elsie, dada yake Gord, aliishi huko Marlow Bend, nyumba ya mwisho kabla ya mto.

"Lipo moja tu!" alisema Gord. "Nimepekua faili nzima. Njoo uone mwenyewe, Nadine."

"Basi kompyuta imelewa," alisema Loretta Sawchuk, bosi wetu. "Turudishe tovuti ya wiki iliyopita, yaishe."

"Ya wiki iliyopita haiijui Marlow Bend, mama," nilimjibu. "Gord aliiongeza jana. Nipe dakika chache."

Nilikuwa mdogo kuliko wote chumbani na sikuwa na shaka hata chembe. Kikusanyi, ile programu inayoyasoma maandishi yetu na kuyageuza tovuti, hakilewi. Kikisema viwili, ni viwili. Swali ni kingine kiko wapi.

"Mzee, jana kabla hujaigusa faili ulifanya nini?"

"Nilichofanya siku zote. Nilitoa nakala. Mimi si mjinga."

"Ukaiweka wapi?"

"Pale pale, kando yake. Niione."

Miaka mingi kabla sijaajiriwa, Gord alifuta kwa bahati mbaya kazi ya majira mazima ya baridi, na tangu hapo hakugusa kitu bila kukitolea nakala. Tulimtania kwamba hata mkate wake wa mchana huutolea nakala kabla ya kuung'ata. Alicheka nasi, akaendelea kunakili. Nilimpenda kwa hilo. Lakini kikusanyi husoma kila kilichomo kwenye folda, na hakijui ipi ni kazi na ipi ni akiba. Gord alikuwa amebadilisha jina la faili tu. Ndani, nakala ilikuwa bado inajiita 'OmbiLaMchanga'.

Nilimwonyesha.

"Elsie," alisema, na mkono wake ukakimbilia kufuta.

Nikamshika kifundo cha mkono. "Usifute. Ihamishe nje ya folda. Huenda ukaihitaji."

"Baada ya haya yote?"

"Ihamishe, mzee wangu."

Akaihamisha mwenyewe, polepole. Kikusanyi kikapita bila neno. Ukurasa ukafunguka, na maombi ya Marlow Bend yakaanza kuingia, moja, matatu, kisha mfululizo. Nilijisikia mrefu kuliko jengo lile.

"Haya, ilikuwa nini?" aliuliza Loretta. Nilikuwa natafuta maneno laini, lakini Gord aliniwahi.

"Mimi."

Loretta alitazama saa. "Basi vaa buti. Malori yanataka mikono."

Gord akaenda. Maji yalipanda mpaka ngazi ya pili ya nyumba ya Elsie, yakasita hapo, yakarudi mtoni.

Gord hakuacha kunakili, na sisi hatukumwomba aache. Ila kuanzia wiki ile, kila alipotaka kugusa ukurasa, aliinuka kitini na kutangaza, "Natoa nakala!" Na chumba kizima, Loretta akiwemo, kikamwitikia: "Unaiweka wapi?"

Alistaafu, kisha Loretta naye. Siku hizi kuna zana zinazotunza kila badiliko zenyewe, na ninaowafundisha hawajawahi kunakili faili kwa mkono. Juzi nilikuwa peke yangu ofisini, nikabofya kunakili kwa mazoea tu. Nikasikia sauti ikiuliza, unaiweka wapi, na ilikuwa yangu. Nikajibu kwa sauti: "Nje ya folda, mzee wangu."