Mlango wa Ofisi ya Msitu

Usiniambie habari za sheria, nimeishi nazo. Kwenye msitu huu wa serikali, hapa Wyoming, ukitembea na bastola kiunoni ni halali na hakuna anayekuuliza. Miaka ishirini na miwili nimepandisha wageni mlimani na nyumbu wangu wa kubeba mizigo, bastola ikining'inia wazi, maana kule kuna dubu. Lakini ukivuka kizingiti cha ofisi ya askari wa msitu, iliyo katikati ya msitu huohuo, tayari wewe ni mhalifu. Kibao cha kukataza silaha kipo mlangoni, nakijua.

Agosti moja mgeni wangu, Bwana Pruitt, alikuwa anachanja kuni kambini kwetu kando ya kijito, shoka likateleza likampasua paja. Damu ikaruka. Nikavua mkanda wangu wa bastola, nikamfunga mguu, nikakaza mpaka akanitukana. Bastola nikaichomeka kwenye suruali. Nikamwacha na mkewe, nikapanda nyumbu na kumkimbiza hadi ofisini, kwa sababu simu huku juu ni pambo tu.

Barazani kulikuwa na watoto wa shule wanakula mkate. Niiweke wapi bastola? Kwenye benchi, pembeni ya juisi zao? Nikaingia nayo.

Ndani alikuwepo askari Dwight Kessel, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufunga tandiko.

"Bi Lorna, toka nje na hicho kitu."

"Dwight, mtu anakufa kule kijitoni. Ita helikopta."

"Ukishatoka."

"Nitoke niende nayo wapi? Nimpe mtoto yupi anishikie?"

"Sheria sikuitunga mimi."

"Na akili je, nayo unasubiri utungiwe?"

Redio ilikuwa mezani kwake, hakuigusa. Nikazunguka meza nikashika redio mwenyewe. Helikopta ikaja, Pruitt akapona. Dwight naye akaniandikia karatasi ya mashtaka, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Ukipatikana na hatia, kibali cha kuongoza wageni kinakwenda, na mimi sina kazi nyingine. Wakili akanishauri niseme nilisahau. Watu wa huku husahau bastola kiunoni kama wanavyosahau kofia kichwani. Majaji wamezoea, wanakuonya na kukuachia.

Mahakamani jaji, mzee mpole, akanifungulia njia kabisa. "Bi Lorna Thorsrud, ulikuwa umechanganyikiwa siku ile. Bila shaka ulisahau kuwa unayo."

Wakili akanikanyaga mguu. Dwight akainamisha kichwa. Nadhani hata yeye alitaka niitikie.

"Sikusahau, mheshimiwa. Kibao nilikiona. Nikisema nilisahau, mtaandika kwamba sheria yenu ni safi, ila kuna mama mmoja kichwa chake kibovu. Na kesho mwingine atazuiwa pale mlangoni, na mtu wake atakufa."

Jaji akavua miwani, akaniuliza kama naelewa ninachosema. Nikamwambia naelewa. Akanitia hatiani.

Barua ya kuninyang'anya kibali aliileta Dwight mwenyewe. Nyumbu wangu walikuwa wanakula majani uani, hawana habari. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi.

"Ungesema tu ulisahau, Bi Lorna."

"Na wewe ungeita tu helikopta," nikamwambia, nikapokea barua.