Kifaa cha Kufundishia

Profesa alikuwa akisuuza mirija ya majaribio kwenye sinki la maabara alipoiona mifupa ya vidole vyake. Ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imeanza kuwa kama kioo. Akamaliza kusuuza, akaianika mirija, akaenda nyumbani.

Jina la Profesa alipewa na mama yake, fundi cherehani, siku alipohitimu bailojia chuo kikuu, wa kwanza darasani. Tangu hapo alikuwa akijitolea katika idara ileile iliyomsomesha, akingoja nafasi ya kufundisha. Wenzake wengi walishatawanyika: mmoja anauza dawa za mifugo, mwingine anapima maji kiwandani, wengine wako kwao tu, wanakula na kulala.

Mwisho wa juma mwili mzima ulikuwa unaonekana hadi ndani. Mapafu yalijaa na kunywea. Ini lilikaa pale pake chini ya mbavu.

"Umekonda, mwanangu," mama alisema.

Mkuu wa idara alimzunguka, miwani mkononi. "Hongera. Hatimaye tumekupatia nafasi."

Moyo ulimruka Profesa, na wote wawili waliuona ukiruka.

Nafasi ilikuwa kwenye fungu la vifaa. Alibandikwa namba begani, akasimamishwa kando ya kabati la hadubini. Mama aliombwa alikate dirisha kifuani pa gauni la binti yake. Alilikata, akalipinda pindo vizuri.

Somo la kwanza, Profesa alianza kueleza kazi ya nyongo.

"Tafadhali, dada," mwalimu alimkatiza. Walisoma pamoja, huyu alizoea kunakili kazi zake. "Kifaa hakielezi."

Nyongo ikamchemka. Wanafunzi wakaichora.

Jioni hiyo aliamua kuacha kazi. Mlinzi wa getini akaisoma namba ya begani. "Mali ya chuo haitoki bila kibali, dada'angu. Kibali wanapewa watumishi."

"Mimi si mtumishi?"

"Ungekuwa mtumishi ungekuwa na kitambulisho."

Akarudi maabara. Mama huja Jumapili kumfuta vumbi.

Muhula mpya ulipofunguliwa, binti mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akisoma bailojia anaweza kuwa nani?"

"Fursa ziko tele. Hata idara yetu huwaajiri wahitimu wake."

Binti akamgeukia Profesa, akamwangalia usoni, akingoja. Profesa alikuwa na jibu. Lilimfika kooni, akalimeza, na darasa zima likalifuata kwa macho likishuka polepole mpaka tumboni.

"Mmeona?" mwalimu alisema. "Huo ndio umio."

Wakaandika.