Waliofunikwa Khanga

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika unagongagonga jikoni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuamsha watoto. Naelijwa anausikia kutoka kitandani, katika nyumba asiyoijua, katika baridi ya Njombe ambayo akirudi kwao Usangi na kuisimulia hawatamwamini. Wamefika usiku, yeye na ndugu zake wachache, wakakuta umeme umekatika. Mtu amemshika mkono gizani akamwongoza polepole mpaka kitandani, akimwonya kila penye ngazi, na uso wake hakuuona. Amelala na viatu miguuni, kwa sababu miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi na kuinama kumemshinda, na kuomba msaada kwa watu hawa hataki. Leo binti yake wa mwisho, Nakunda, anafunga ndoa na Lusungu. Lusungu mwenyewe hana neno. Anasalimia vizuri, anakula alichopewa, anamtazama Nakunda kama mtu anayeota moto. Neno liko kwa mama yake. Walipokuja kuposa, mama hakuja. Walipoleta mahari, mama hakuja. Wakasema ni miguu, anaumwa miguu. Kila mara wakaleta zawadi zake, viazi mviringo, asali ya msituni, na salamu ndefu, na kila mara Naelijwa akapokea kwa mikono miwili huku moyo wake ukiuliza, mwanamke gani huyu anayeozesha mwana bila kuonekana? Ama anatudharau, ama kuna kitu wanakificha. Asali yake ilikuwa tamu mno. Hilo nalo lilimtia shaka.

Birika linaendelea kugonga, na hakuna anayeliinua. Naelijwa anajikokota akaliinue yeye, anavuka kizingiti cha jikoni, na jiko halipo. Ipo barabara. Ni nyekundu na pana, inakwenda mpaka inapotelea, kisha inaanza tena kule inakopotelea, na mwishoni mwake anaona mnara wa kanisa, anaufuata, anatembea, mnara uko nyuma yake, anageuka, uko mbele, na kengele yake inalia kwa sauti ileile ya mfuniko wa birika. Viatu vinambana. Pembeni umeinuka mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila ukuta kuna harusi. Katika mmoja Nakunda anacheka amevaa nguo nyeupe. Katika wa pili amekaa peke yake mbele ya jiko lililozimika. Katika wa tatu anapita barabarani, anakutana na mama yake, anampisha kwa adabu kama anavyompisha mtu yeyote mzima, na anaendelea na safari bila kugeuka. Naelijwa anasimama mbele ya ukuta huo muda mrefu, anaufuta kwa ncha ya khanga yake, na kadiri anavyoufuta ndivyo Nakunda anavyozidi kwenda mbali.

Ndipo anapokuja mtu wa itifaki, amevaa suti, tai ya rangi ya kamati, ua limebanwa kifuani, na uso wake ni mtupu na laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Anamwambia shikamoo mama. Naelijwa anaitikia marahaba, lakini anajiuliza salamu imetokea wapi kwa mtu asiye na mdomo. Anamwuliza kanisa liko wapi. Liko kwa mama aliyechelewa, anajibu yule mtu. Nani aliyechelewa? Aliyefika wa kwanza. Naelijwa anamwambia yeye ni mtu mzima na hakutoka Usangi kuja kutegewa vitendawili, na yule mtu anainamisha kichwa kama aliyekosa kweli, anafungua mwavuli, anamfunika nao. Mvua inaanza kunyesha baada ya hapo, si kabla. Wanatembea hivyo, yeye mkavu, yule mtu bega limelowa lote, na Naelijwa anawaza, mtu akikufunika mwavuli namna hii, kuna kitu huko juu hataki ukione.

Kanisa limewajia lenyewe. Ndani, watu wamejaa kwenye mabenchi, wote sare moja, wote bila nyuso, kwaya inaimba na vigelegele vinapigwa bila mdomo hata mmoja kufunguka. Mtu anasogea ampe nafasi, mwingine anampepea, mwingine anaweka mto mdogo wa kuegemea mgongoni pake, na kila anayemtendea wema Naelijwa anamtazama mikono, aone ameshika nini. Mchungaji hasemi mengi. Anasema mama wa binti aje mbele, na pale mbele, panapopaswa kusimama bibi harusi, pamejaa mabibi harusi, wamejipanga wamefunikwa khanga kuanzia utosini mpaka vidoleni. Hapo Naelijwa anaelewa. Mchezo huu ni wa kwao. Siku ya kumuaga Nakunda kule Usangi, wanawake wa kwao ndio waliofunika wasichana khanga na kuwatembeza mbele ya wageni, na shangazi wa Lusungu akatakiwa amtaje bibi harusi ni yupi, akakosea, akaambiwa macho yake ameyasahau kwenye basi, akachagua tena, na khanga ilipofunuliwa alikuwa bibi kizee wa jirani, hana jino hata moja, akauliza mume wangu yuko wapi, nimechoka kusubiri. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Naelijwa alicheka kuliko wote. Sasa watu wa Lusungu wamemgeuzia.

Yule mtu wa itifaki anamsogelea sikioni na safari hii anaongea wazi kabisa. Mama, utachagua mara moja tu. Usifunue, usiulize jina. Ukipata, vizuri. Ukikosea, Nakunda ataolewa vilevile, ataishi vizuri, atazaa, ila njia ya kwenu itamtoka kichwani. Wewe pia utamtoka.

Basi Naelijwa anapita mbele yao kama mtu anayechagua mbegu. Anatafuta kile kikohozi kidogo cha Nakunda, na wa kwanza anakohoa. Anamfurahia, kisha wa pili naye anakohoa, na wa tatu. Anatafuta kovu la mguuni, pale Nakunda alipojikata na jembe utotoni, na kila kidole gumba kinachochungulia chini ya khanga kina kovu. Anatafuta ule wasiwasi wa mtoto wake wa kupangusa kiganja kwenye paja, na wote wanapangusa viganja, mstari mzima, kama wamefundishwa. Chochote anachokitafuta anapewa. Anatambua kwamba mji ule wa vioo haukuisha mlangoni, umeingia naye. Machozi yanamlenga. Anaona kigoda, anakaa, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao anasema kwa sauti kitu kinachomuuma, anasema viatu hivi vinaniua. Kisha mmoja wa wale waliofunikwa anatoka kwenye mstari, anapiga magoti kwa taabu, kwanza goti moja, halafu jingine, anafungua kamba za viatu polepole, anavivua, anaikanda miguu iliyovimba kutoka vidoleni kupanda juu, na kutoka ndani ya khanga yake anatoa soksi za sufu zenye joto la jiko, anamvisha. Wale wengine hawaigi. Wanatazama tu. Naelijwa anakumbuka Nakunda akimvua viatu kila akirudi kulima, anasahau kushuku, anaweka mkono juu ya kile kichwa kilichofunikwa. Ni huyu, anasema. Huyu ndiye mwanangu.

Khanga inafunuliwa. Ni mwanamke wa makamo yake, mvi zimejaa, mashavu yamepasuka kwa baridi, na katika kanisa lote ni yeye peke yake mwenye uso. Mimi ni mama yake Lusungu, anasema. Samahani, mkwe wangu, nilikuwa humu tangu asubuhi, walinificha wa kwanza.

Naelijwa hapati hata nafasi ya kulia, kwa sababu matarumbeta yamelia, mabenchi yamekuwa meza, kanisa limekuwa ukumbi, na maharusi wanazunguka na sahani ya keki. Nakunda anakuja mbele yake, ni mzuri kama kwenye ule ukuta wa kwanza. Anampa kipande kwa mikono miwili, anakunja goti. Asante kwa kuja, mama, anamwambia, umetoka mbali? Anamwambia kwa upole, kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa wageni. Keki inakuwa nzito mdomoni mwa Naelijwa. Anamgeukia yule mwanamke aliyekaa pembeni yake, ayatoe yote aliyoyaweka moyoni tangu siku ya posa, na anamkuta ameshamshika Nakunda mkono.

Ametoka Usangi, mwanangu, Mama Lusungu anasema. Ukishuka kwenye basi unapandisha na kilima mpaka penye shule, unaacha shule kulia, unafuata mfereji. Nyumba ina mlango wa bluu, umepakwa nusu, rangi iliisha. Kuna ng'ombe ana pembe moja. Huyu ndiye aliyekaa mlangoni siku unaondoka, akasema ni moshi umemwingia machoni.

Naelijwa anashtuka. Shaka inarudi nzima. Wewe umeyajuaje hayo, anauliza, na kwangu hujafika?

Ndiyo maana nimeyajua, anajibu Mama Lusungu. Miguu hii ilininyima. Kila aliyerudi kutoka kwenu nilimkalisha jikoni, sikumpa chakula mpaka aniambie nyumba ikoje, mama anacheka vipi, anapika nini. Walinichoka. Shangazi yake Lusungu alisema nimekuwa kama polisi. Mtoto akisahau njia, mimi ninayo.

Nakunda amesimama na sahani, anamsikiliza, midomo yake inafuata maneno, shule, mfereji, mlango, na kitu kinarudi usoni kwake kidogokidogo, kama mtu anayewashiwa taa kwenye chumba cha ndani. Anatazama chini. Mama, anasema, na sasa ni sauti yake, mama, viatu vyako viko wapi?

Birika linagonga. Naelijwa amelala chali, kumeanza kuwa na mwanga dirishani. Kitenge chake cha sare kimetundikwa kwenye msumari na kimekunjamana, sijui kwa kufungwa kwenye begi, sijui kwa kuvaliwa. Mdomoni ana utamu. Anasogeza miguu chini ya blanketi, hahisi viatu. Anagusa. Ni soksi za sufu, bado zina joto. Mlangoni amesimama mwanamke ameegemea fimbo, taa ya jikoni iko nyuma yake, na uso wake hauonekani.

Naelijwa anamuuliza harusi ni leo, au ilikuwa jana. Mwanamke anacheka kidogo, anasema chai iko tayari, miguu ipumzike kwanza. Kisha anabaki palepale, anahamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Mama Nakunda, anasema, mimi safari za mbali siziwezi tena. Ukishaondoka, utakuja tena kunitembelea?